Kabla hujachonga shingo ya gitaa, hakikisha mbao imetulia

Mafundi wenzangu wa magitaa huku Arusha na Moshi, naona kila tukikutana mazungumzo yanaishia kwenye aina ya mti, mara mninga mara mkangazi, ila swali la kwanza lingetakiwa liwe hiyo mbao imekauka kiasi gani na imekaa wapi tangu ipasuliwe. Muuza mbao akikwambia "hii kavu kabisa bosi" hakudanganyi, yeye anaongelea kenchi na vitanda, na kenchi hata ikiwa na unyevu wa asilimia 18 itasimama tu. Shingo ya gitaa la nyuzi za chuma inavutwa na nguvu ya karibu kilo 70 usiku na mchana, halafu mpindo wake tunaupima kwa vipande vya milimita, kwa hiyo ukavu wa kenchi haukutoshi.

Kitu cha kuelewa mapema ni kwamba mbao haikauki ikaisha. Inavuta na kutoa unyevu kufuata hewa iliyopo, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50 mbao inatulia kwenye kama 9, hewa ikiwa 65 inafika karibu 12, ikiwa 80 inakaribia 16. Sasa fikiria Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, masika ya Machi mpaka Mei kila kitu kina unyevunyevu, Juni na Julai ni baridi na mawingu, afu Januari na Februari jua kali. Mbao ileile ndani ya karakana ileile inapanda na kushuka mwaka mzima. Ndo maana kabla hata ya kununua mbao nunua kile kidude cha kupima unyevu wa hewa, ukitundike karakana, uanze kukisoma asubuhi na jioni ili uijue karakana yako.

Kwenye kununua usiende na haraka. Mninga naupenda sana kwa shingo kwa sababu ukikauka hausinyai kiasi kikubwa na hauchezi ovyo, mkangazi ni mzuri, msederela ni mwepesi na unafaa magitaa ya nyuzi za nailoni. Mkaratusi mimi nakushauri uuache, unajipinda na kupasuka sana wakati wa kukauka. Angalia kichwa cha mbao, pale ilipokatwa, ukiona pete zimesimama wima hiyo ichukue, kwa sababu mti unasinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata pete kuliko kwa kuzikatiza, so pete zikiwa wima mabadiliko mengi yanaenda kwenye unene wa shingo na sio kwenye upana. Mistari iende moja kwa moja toka mwanzo mpaka mwisho, mbao yenye kiini cha katikati ya gogo usichukue hata kama rangi yake imekuvutia, na ile sehemu nyeupe ya nje nayo itoe maana dumuzi wanaipenda. Ukiona vitundu vidogo na unga kama poda hiyo usiingize stoo kabisa, itaambukiza zingine. Na risiti pamoja na TP (kibali cha kusafirishia mazao ya misitu) ya TFS, wakala wa huduma za misitu, dai hapohapo, hasa kwa mpingo na mninga.

Ikifika nyumbani, siku hiyohiyo paka rangi nzito au nta kwenye vichwa vyote viwili. Unyevu unatokea vichwani haraka kuliko ubavuni, kichwa kinasinyaa huku katikati bado imejaa maji, matokeo yake ni nyufa zinazoingia ndani na unapoteza urefu uliolipia. Panga juu ya matofali au stendi isiguse sakafu ya zege, kila safu weka vijiti vya unene sawa, vijiti vya safu ya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, afu juu kabisa weka uzito. Usiegemeze ukutani, na usiifunge na nailoni ukidhani unaitunza, itaota ukungu. Kama karakana ni bati tupu bila silingi bodi usiweke mbao juu karibu na bati, mchana pale ni moto usiku baridi. Kwa mbao mbichi hesabu ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na hiyo ni makadirio tu, mpingo unakwenda taratibu zaidi ya hapo.

Mita ya unyevu ya kuchomeka inasaidia ila inasoma zaidi karibu na juu, na kila mti unataka marekebisho yake. Mizani ya jikoni ni ya uhakika zaidi. Pima kila kipande, andika uzito na tarehe kwa penseli kwenye mbao yenyewe, rudia kila wiki, ukiona uzito umegoma kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo basi imefika pale hewa yako inaporuhusu. Ukitaka namba kamili kata kipande kidogo, sio cha mwishoni kabisa, kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzijoto 103 mpaka uzito usibadilike tena. Kama kilikuwa gramu 56 kikabaki 50, kilichotoka ni 6, gawa kwa 50, unapata asilimia 12. Na kama unahitaji kushuka zaidi tengeneza kabati lenye balbu ya kutoa joto chini na tundu za hewa, kidude chako kikiwa ndani, lenga hewa ya asilimia 45 hadi 50, balbu ikae mbali na mbao kwa ajili ya moto. Walioko Moshi wana bahati ya Chuo cha Viwanda vya Misitu palepale mjini, mambo ya kukausha mbao ndo fani yao, nendeni mkaulize.

Sasa hapa ndo wengi wanaharakisha. Mbao kavu ukiipasua bado itacheza, maana ndani ina mivutano ambayo ilikuwa imeshikana, ukitoa upande mmoja upande wa pili unajiachia. Kwa hiyo chonga kwa hatua. Pasua ukiacha milimita 5 au zaidi kila upande, iache wiki mbili kwenye vijiti, weka rula ya chuma uone imeenda wapi, inyooshe na randa, iache tena. Ukishachimba mfereji wa kile chuma cha kurekebishia shingo ipumzishe tena kabla ya kugundisha ubao wa freti, yaani ule wa juu ya shingo unaobeba vichuma vya kugawa noti. Ubao wa freti wa mpingo kata na milimita 9 au 10 ukitegemea kumaliza na 6, nao ukae chumba kimoja na shingo, vitu viwili vyenye unyevu tofauti ukivigundisha pamoja vitavutana mpaka shingo ipinde. Kile chuma, ambacho kampuni ya magitaa ya Gibson walikipatia hataza mwaka 1923, kinanyoosha mpindo wa kwenda mbele na nyuma tu, shingo iliyojisokota hakiiwezi.

Mwisho jiulize gitaa litaishi wapi. La Dar litavimba kidogo, la kwenda Ulaya kwenye nyumba za hita wakati wa baridi litasinyaa, ubao wa freti unapungua upana na ncha za freti zinaanza kuchana vidole, shingo ya gitaa hilo ishushe kwenye kabati mpaka unyevu wa mbao ufike asilimia 8 kabla ya kufunga freti. Na kama unasafirisha mbao ghafi ya mpingo, mninga au mkangazi, hizo zote ziko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kibali kinatakiwa kabla ya mzigo kuondoka. Kwa mpingo ala zilizokamilika zililegezewa masharti toka mwisho wa 2019, mbao ghafi bado imebanwa.