Baiskeli katika barabara za Tabora: pa kushika sheria na pa kutumia busara

Mwendesha baiskeli wa Tabora, awe amebeba magunia ya mkaa au anakwenda tu kazini, asianze kwa kujiuliza kama sheria inamfaa, bali ajiulize dereva aliye nyuma yake anatarajia nini kutoka kwake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhusu yeye pia, na faida yake kubwa ni kuwawezesha watu wasiofahamiana kujua mwenzao atafanya nini. Kwa hiyo yako mambo yasiyo na mjadala: shika kushoto, simama taa ikiwa nyekundu, wapishe wanaovuka kwenye pundamilia, na kwenye mzunguko wape nafasi waliokwisha kuingia.

Kugeuka kulia ndiko kunakoponza wengi. Anza mapema kwa kuangalia nyuma, nyoosha mkono wa kulia mpaka uone gari limepunguza mwendo, ndipo usogee katikati. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, hupita takribani mita 14 kwa sekunde moja, hivyo mkono unaonyooshwa wakati tayari unakata kona haumsaidii yeyote. Kama mzigo unayumba na huwezi kuachia usukani, shuka, subiri barabara iwe wazi, kisha uvuke ukiikokota.

Busara ina nafasi yake pale ambapo inakuongezea tahadhari. Basi likipiga honi nyuma yako kwenye barabara ya Nzega huku lori likija mbele, ingia kwenye changarawe hata kama haki ni yako, kwani haki hiyo haitakuwa na wa kuidai. Lakini ukingo wa lami ukiwa umemegeka, usiufuate kila unapoingia na kutoka. Endesha mstari mmoja ulionyooka, hatua moja hivi ndani ya lami.

Wapo wanaotaja jimbo la Idaho, Marekani, ambako tangu mwaka 1982 baiskeli inaweza kupita kibao cha kusimama bila kusimama kabisa, mradi njia iwe wazi. Huko ruhusa hiyo imo ndani ya sheria. Anayejipa mwenyewe hapa kwetu anawashtukiza wenzake.

Usiku washa taa ya mbele na ufunge kiakisi chekundu nyuma, hata kama una dinamo, kwa sababu taa ya dinamo huzimika mara tu unaposimama kusubiri kugeuka.