Somo: Video fupi ya ajali kwa wanafunzi wa uuguzi wa dharura

Wakufunzi wenzangu, habari za kazi. Wengi mmeniuliza tunavyotumia video darasani hapa Moshi. Mimi hufanya hivi.

1. Chagua uamuzi mmoja tu. Wangu ulikuwa: nani ahudumiwe kwanza? Bodaboda imeanguka Kwa Sadala. Dereva anapiga kelele, damu inamchuruzika mguuni. Abiria amelala chali, hajitambui, anakoroma.

2. Igizeni, mrekodi kwa simu. Dakika tatu zinatosha. Damu yetu ilikuwa rozela iliyochemshwa hadi ikawa nzito.

3. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Simamisha video mkoromo ukishasikika, kisha nyamaza. Kila mmoja aandike atamwendea nani, na kwa nini. Mara ya kwanza wengi walimkimbilia dereva, kwa sababu ya kelele. Nikairudia, wakasikiliza wamefumba macho. Binti mmoja wa nyuma akainua mkono taratibu: "Mwalimu, yule aliyenyamaza ndiye anayekosa hewa." Nilifurahi mno. Mkoromo wa asiyejitambua ni njia ya hewa iliyoziba nusu, mara nyingi kwa ulimi. Na kwa kuwa ameanguka, shingo haipindwi. Taya ndilo linalosukumwa mbele.

4. Siku hiyohiyo wapeleke kwenye mdoli wa mazoezi, waisukume taya kwa mikono yao. Macho yameelewa, mikono bado.

Maswali ya wanachama

Mkufunzi, Arusha: Kwa nini tusirekodi wagonjwa halisi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mtu aliye kwenye maumivu makali hana nafasi ya kuridhia kwa hiari, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huigiza vizuri sana.

Muuguzi, Hai: Bando je? Darasa langu ni kubwa.
Jibu: Tumia flashi na projekta moja. Ila tafuta spika nzuri, maana mkoromo usiposikika hakuna zoezi.

Mwanafunzi, Moshi: Samahani mwalimu, dereva aachwe akivuja damu?
Jibu: Umeuliza vema. Damu ikiruka kwa nguvu, hutangulia hata njia ya hewa: gandamiza kwanza. Hii inachuruzika tu, mpita njia anaweza kuikandamiza kwa kanga. Badilisheni hapo tu, damu iruke, mrekodi upya. Hiyo itakuwa video yetu ya wiki ijayo.