Draivu ya Mota Inapoifanya RCD Ikate Ovyo

RCD ni swichi ya usalama inayokata umeme ikihisi mkondo unavuja kwenda ardhini; draivu ni kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti kasi ya mota. RCD inayokata kila draivu inapowashwa mara nyingi si mbovu. Imelinganisha mkondo uliotoka na uliorudi, ikakuta pengo. Kazi yako ni kujua pengo hilo linapitia wapi, na kidokezo cha kwanza ni wakati inapokata.

Ikikata mara tu unapoleta umeme, mota haijazunguka, shuku filta ya redio (inayozuia draivu isisumbue redio) iliyo ndani ya draivu. Ina kapasita zilizounganishwa na ethi, nazo zinapojaa hupitisha mkupuo kwenda ardhini. Kwenye draivu za fezi tatu, angalia kama kontakta (swichi ya sumaku inayoleta umeme) inafunga fezi zote kwa pamoja na kama hakuna fezi iliyokosekana. Mikondo ya kapasita za fezi tatu hufutana kwa sehemu kubwa. Fezi moja ikichelewa, haifutani tena.

Ikikata unapobonyeza kitufe cha kuanza, angalia upande wa mota. Draivu hukatakata volteji maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato husukuma mkondo kidogo kutoka kwenye waya za mota kwenda ethi. Kebo ikiwa ndefu, na hasa yenye shildi (ganda la chuma la kinga), mkondo huo huongezeka.

Ikikata siku za unyevu au mota ikishapata joto, fikiria insulesheni. Hiyo si hitilafu ya kupuuza, kwa hiyo ipime kwanza. Zima umeme, ngoja muda ulioandikwa kwenye draivu (mara nyingi dakika 5 hadi 15), kisha hakikisha kwa mita kwamba volteji ya DC ndani yake imeshuka. Fungua waya za U, V na W (zinazokwenda kwenye mota) kwenye draivu, halafu pima kebo pamoja na mota kwa megga (kipima insulesheni) ya volti 500. Chini ya megaomu 1 kuna tatizo la kweli. Mota nzima husoma makumi au mamia. Usithubutu kupiga megga waya zikiwa bado kwenye draivu, utaiua.

Insulesheni ikiwa safi, chukua klampu mita ya kupima uvujaji. Zungusha klampu kwenye fezi zote na nyutro kwa pamoja, ukiacha waya wa ethi nje. Soma draivu ikiwa na umeme lakini imesimama, kisha mota ikienda polepole, kisha kasi kamili. RCD ya mA 30 inaruhusiwa kukata kuanzia mA 15, kwa hiyo uvujaji wa kawaida usizidi mA 9 hivi. Draivu mbili au tatu zikishiriki RCD moja, kikomo hicho hupitwa upesi: ipe kila draivu ya kwake. Hakikisha pia nyutro ya saketi nyingine haijachanganywa baada ya RCD. Kosa hili ni la kawaida kuliko mafundi wanavyokubali.

Kupunguza uvujaji, anza na kisicho na gharama: shusha frikwensi ya ukataji, kwa mfano kutoka kHz 8 hadi 4. Mota italia kidogo zaidi, basi. Fupisha kebo, au weka choki (koili ya kupunguza mikupuo) kwenye pato la draivu. Draivu nyingi zina skrubu ya kuondoa kapasita za filta kwenye ethi. Kuitoa husaidia sana, ila redio na vihisi vya jirani vinaweza kusumbuka. Waya wa ethi wenyewe hautolewi kamwe. Uvujaji ukizidi mA 3.5, ethi hiyo iwe ya shaba ya angalau mm² 10, au ziwe waya mbili.

Aina ya RCD nayo ina uzito. Draivu ya fezi tatu yenye hitilafu inaweza kuvujisha DC laini (mkondo wa upande mmoja usiopanda wala kushuka), ambayo RCD za aina AC na A haziioni. Mbaya zaidi, DC hiyo huishibisha sumaku ya RCD hadi isikate hata panapo hatari. Hapo tumia aina B, na usiiweke chini ya RCD ya aina A. Draivu ya fezi moja huhitaji angalau aina A, na aina F hustahimili mikupuo vizuri zaidi.

Kuruka kwenda RCD ya mA 300 hutuliza kero, lakini hiyo ni kinga ya moto. Mahali ambapo sheria inadai mA 30 kwa usalama wa watu, haibadiliki.