Kabla Hujaanza Mazoezi Mazito ya Kupunguza Uzito, Panga Sahani Yako

Mtu akiamua kupunguza uzito, huandaa viatu, nguo za mazoezi, saa ya kuhesabu hatua na ratiba ya wiki nzima. Chakula hukiandaa kwa neno moja: nitapunguza. Nami nilianza hivyohivyo, na gharama yake ilikuwa mfupa wa mguu. Kwa hiyo yasome haya sasa, kabla hujafunga kamba za viatu, usingoje mwezi upite uzito ugome kushuka ndipo uanze kuuliza.

Kapime afya kwanza: presha, sukari, wingi wa damu. Usiseme unajisikia mzima, kapime tu. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, zungumza na daktari wako kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu dawa ileile, chakula kidogo na mazoezi mengi vikikutana, sukari inaweza kushuka hadi uanguke. Mjamzito, mama anayenyonyesha, kijana ambaye bado anakua, na yeyote aliyewahi kujinyima chakula au kujitapisha asianze peke yake.

Viatu vikutoshe. Siku moja kwa wiki, angalau, iwe ya kupumzika kabisa. Lala vya kutosha.

Mizani ipande asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla hujala wala kunywa, kisha linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Uzito wa siku moja hauna maana. Na usidanganyike na wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 500 hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji ya takriban gramu 3. Ukikata chakula ghafla na kuanza kukimbia, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Kilo mbili zinapotea kwa siku chache, unashangilia, unaamini umepata njia. Mafuta yaliyotoka hapo ni kidogo sana.

Hapo ndipo nilipopotea, na hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na kilo 72. Niliamua kula kalori 1,300 kwa siku, idadi niliyoipenda kwa sababu ilionekana ya mtu mwenye msimamo. Nilikimbia siku tano kwa wiki na kunyanyua vyuma siku mbili, mazoezi yaliyokuwa yakila kama kalori 600 kwa siku. Sikuwahi kuziweka namba hizo mbili kwenye karatasi moja. Ningeziweka, ningeona kwamba mwili wangu, kwa umri, urefu na uzito niliokuwa nao, ulihitaji karibu kalori 1,400 ili tu niwe hai nikiwa nimelala: moyo upige, ini lifanye kazi, joto lisipungue, mifupa na damu vijengwe upya. Nilikuwa nakula pungufu ya hapo, kisha nachukua 600 nyingine nakwenda kukimbia nazo.

Hadi wiki ya tano nilikuwa nimefika kilo 67 na watu wananisifu. Wiki ya sita uzito ukagoma. Ya saba, ya nane, palepale. Nikafikiri nimekuwa mvivu, nikashusha chakula hadi kalori 1,100 na kuongeza kuruka kamba jioni. Sikuona kwamba nje ya mazoezi nilikuwa nimeacha kutembea. Nilikaa mchana kutwa, nikimtuma mtoto aniletee hata simu iliyo chumba cha pili. Mwili ulikuwa unabana matumizi bila kuniuliza. Mikono ilikuwa baridi wakati wenzangu wanatoka jasho. Nilikuwa nikiamka saa tisa usiku macho makavu, moyo unapiga polepole, kichwani kuna chakula tu. Hedhi ilikosekana mwezi mmoja, nikasema ni uchovu. Ikakosekana wa pili, nikaona afadhali, usumbufu umepungua. Nawaomba dada zangu mnisikilize hapa: hedhi ikikatika kwa sababu ya mazoezi na njaa, mwili umeshaanza kufunga idara zake. Vichocheo, yaani homoni, vinavyoleta hedhi ndivyo vinavyolinda mifupa, na vyote hushuka pamoja.

Wiki ya kumi na moja likaja jambo dogo. Maumivu kwenye muundi, mahali pamoja, pa ukubwa wa kidole gumba. Yalikuja nikikimbia, yakaondoka nikipumzika. Nilipaka dawa ya kuchua, nikafunga bandeji, nikaendelea kwa siku tisa. Siku ya kumi niliteremka ngazi asubuhi, nikakanyaga, nikalazimika kukaa palepale. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na kwa bahati mbaya niliambiwa ni misuli. Kumbe nyufa za namna hii mara nyingi hazionekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa, ule unaokuja mfupa unapopigwapigwa kila siku bila kupewa malighafi ya kujijenga. Wiki nane za magongo. Nywele zikaanza kutoka kwa mafungu hapo hapo, ingawa nilikuwa nimeshaanza kula. Nywele hukujibu miezi miwili au mitatu baada ya kosa. Hedhi ilirudi mwezi wa tano.

Kilichoniuma kuliko mfupa ni hesabu niliyoonyeshwa baadaye na mtaalamu wa lishe. Ni fupi, na wewe ifanye leo. Chukua uzito wako, toa mafuta. Mimi kwenye kilo 72 nilikuwa na mafuta karibu asilimia 30, hivyo bila mafuta nilibaki na kilo 50 hivi. Sasa chukua kalori unazokula, toa zinazoliwa na mazoezi, gawanya kwa kilo hizo. Mimi: 1,300 toa 600 ni 700, gawanya kwa 50 ni 14. Wanasayansi waliowapima wanawake wanaofanya mazoezi waliona kwamba chini ya kalori 30 kwa kila kilo, vichocheo vya uzazi na vya kujenga mifupa huanza kuvurugika. Mtu anayekula vizuri huwa karibu na 45. Mimi nilikuwa na 14, na nikashuka zaidi ya hapo.

Geuza hesabu hiyo. Thelathini mara 50 ni 1,500. Ongeza 600 za mazoezi, unapata 2,100. Ningekula kalori 2,100 kwa siku, chakula kizuri cha milo mitatu na kitafunwa, na bado ningepungua karibu nusu kilo kwa wiki, maana kwa mazoezi yale na shughuli zangu nilikuwa natumia kama 2,600. Kwa wiki kumi na moja ningepoteza karibu kilo tano, zilezile nilizopoteza kwa njaa, nikiwa na miguu miwili.

Kama unadhani njaa ya kujitakia ni tofauti na njaa nyingine, kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 na 1945, lililosimamiwa na Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, waliishi kwa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku kwa miezi sita, huku wakitakiwa kutembea kama kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi wakati wote, mapigo ya moyo yalipungua, wakawa wanyonge na wakali, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kuota chakula. Nilipoyasoma hayo nilijiona mimi, ila mimi nilikula pungufu kuliko wao na nilikuwa nakimbia.

Wanaume msidhani hili ni la wanawake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo, likisema wazi kwamba unawapata wanaume pia. Kwenu hakuna hedhi ya kuwapigia kengele. Mwenzangu mmoja wa mazoezi aligundua tu kwamba hamu ya tendo la ndoa imemtoka, nguvu za kunyanyua zinashuka kila wiki, na kidonda kidogo mguuni hakifungi. Alidhani ni uzee. Alikuwa hajafika miaka 35.

Sasa kupanga sahani. Protini kwanza, maana ukipungua bila protini unapungua na misuli. Lenga gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wako; kwa kilo 72 ni kama gramu 115. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo yai moja asubuhi si mpango. Gawa protini kwenye kila mlo: mayai, samaki, kuku, nyama, maziwa, maharage, dengu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kabla ya kuongeza.

Wanga usiufukuze. Huu ndio ushauri unaopigwa vita kuliko yote, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiupiga vita. Mazoezi mazito yanatumia wanga. Ukiukata, utakimbia kwa kujikokota na kuumia mapema. Kula kidogo saa moja au mbili kabla ya mazoezi magumu, ndizi au kipande cha mkate kinatosha, na upate mlo kamili baada ya hapo. Punguza sukari ya kwenye vinywaji. Wali wako acha.

Ukipima chakula, jua unapima kibichi au kilichopikwa. Lugha yetu imeshatusaidia kwa kutenga mchele na wali, tuitumie: gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360, gramu 100 za wali zina kama 130. Nimeona mtu akipima wali akiuhesabu kama mchele, akidhani ameshiba kalori 700 kumbe amekula 260, na akafanya hivyo mwezi mzima. Mafuta ya kupikia yana kalori kama 120 kwa kijiko kikubwa, yapime badala ya kuyamimina kwa kukisia, lakini usiyafute. Mwili unayahitaji kutengeneza vichocheo na kufyonza baadhi ya vitamini.

Saa ya mkononi isikuamulie chakula. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima saa na bangili saba za mazoezi. Mapigo ya moyo nyingi zilipatia vizuri, ila kwa kalori hata iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Ichukue kama makadirio, halafu mizani ya wiki tatu ndiyo ikurekebishe. Ukishuka kwa kasi zaidi ya asilimia 1 ya uzito wako kwa wiki, tukiacha ile ya kwanza, ongeza chakula. Usisubiri dalili. Kupungua kwa kasi sana huleta pia mawe kwenye kifuko cha nyongo, na hayo ni maumivu ya kupelekwa hospitali usiku.

Andika daftari, hata mistari mitatu kwa siku: umelala vipi, mapigo ya moyo asubuhi, una hamu ya mazoezi au unajilazimisha. Wanawake waandike na tarehe za hedhi. Panga kabla hujaanza nini kitakusimamisha, maana ukishakuwa na njaa ya wiki kadhaa akili ya kuamua vizuri haipo. Mimi sasa nimejiwekea hivi: maumivu ya mfupa mahali pamoja, nasimama siku hiyohiyo, hedhi ikichelewa, naongeza chakula, ikikosekana miezi mitatu, hospitali. Kuzimia, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ovyo, hospitali bila kujadiliana na mtu. Mpe ndugu au rafiki mmoja ruhusa ya kukuambia umezidi, na akikuambia usimjibu kwa hasira. Dada yangu aliniambia wiki ya saba. Nilinuna.

Usianze kukata chakula na kuongeza mazoezi wiki moja. Anza na kimoja, kingine kifuate baada ya wiki mbili. Usinywe chai za kuharisha wala vidonge vya kukojosha. Hutoa maji na chumvi, mafuta hubaki yalipo. Maji kunywa kwa kiu, na mazoezi yakizidi saa moja penye joto pata na chumvi kidogo, kwani kujaza maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari. Kila baada ya wiki nane au kumi, kula wiki moja au mbili kiasi cha kubakisha uzito ulipo, kisha uendelee. Usilinganishe kasi yako na ya mume wako au mdogo wako. Usilipie siku uliyokula sana kwa kushinda njaa kesho yake. Na ukipata homa, acha mazoezi, kula kawaida mpaka upone, halafu urudi na nusu ya ulichokuwa ukifanya.