Kucheza Magic mtandaoni kwa Cockatrice bila kumaliza bando

Wanaotaka kucheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa karata, na rafiki aliye mji mwingine huwa wananiuliza watumie programu gani. Cockatrice. Ni huria, ni ya bure, na inaingia kwenye Windows, macOS na Linux. XMage na Forge nazo ni huria, tena zinajua sheria na zinakuzuia ukikosea. Kama unajifunza peke yako dhidi ya kompyuta, chukua Forge. Kucheza na mtu ni jambo jingine: Cockatrice ni meza tu, sheria mnazijua nyie wawili, na mimi napenda hivyo.

1. Sakinisha. Pakua kwenye tovuti ya Cockatrice yenyewe, basi.

2. Ingiza karata. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Programu inakuja bila karata hata moja. Ukiifungua mara ya kwanza inaleta kisaidizi kiitwacho Oracle, ambacho kinapakua orodha nzima kutoka MTGJSON, tovuti yenye data za karata zote za Magic. Karata zinachapishwa tangu 1993, kwa hiyo faili ni zito, na mtandao wa kusuasua unakukatisha njiani. Heri ulipakue mwenyewe penye Wi-Fi ya kueleweka, lile la AllPrintings lenye mwisho wa .xz, halafu ndani ya Oracle uchague faili lililoko kwenye kompyuta badala ya anwani ya intaneti.

Matoleo, yaani mafungu ya karata yanayotoka pamoja, yakishaingia, usifunge! Endelea mbele hadi kwenye tokeni, yaani alama za viumbe wanaozalishwa na karata nyingine. Ukiishia njiani, siku karata ikikuambia utoe askari wa 1/1 (nguvu 1, uimara 1), hutamwona popote.

Kisha Cockatrice itauliza kama iwashe matoleo mapya. Washa yote. Toleo lisilowashwa, karata zake hazionekani ukizitafuta, na utadhani faili limeharibika wakati liko salama kabisa. Kama ulishakataa, nenda menyu ya Card Database, kisha Manage Sets, uwashe kila kitu na uhifadhi. Toleo jipya likitoka madukani, unarudia Oracle.

Picha nazo zinashuka kila karata inapotokea, na hizo ndizo zinazokula bando. Zima upakuaji wake kwenye mipangilio. Utabaki na kiboksi chenye jina, lakini maelezo ya karata utayasoma pembeni kama kawaida.

3. Deki, yaani fungu la karata unalochezea. Nakili orodha yako, mstari mmoja kwa kila karata, mfano *4 Lightning Bolt*, kisha ipakie kutoka ubao wa kunakili. Karata za akiba zitangulizie *SB:*.

4. Seva. Jisajili, ingia chumbani, fungua mchezo wenye nenosiri, mtumie mwenzako hilo nenosiri. Kila mtu apakie deki yake na abonyeze kwamba yuko tayari.

5. Mezani. Ctrl+D unavuta karata, Ctrl+S unachanga, Ctrl+U unasimamisha zote ulizolaza. F12 inaongeza uhai, F11 inapunguza. Kwenye Commander, mtindo mmojawapo wa kucheza Magic, mnaanza na uhai 40, si 20, kwa hiyo hakikisha namba iko sawa, Ctrl+L inairekebisha. Kabla ya kuhamisha karata, andika kwenye chati unachofanya na umpe mwenzako nafasi ya kujibu. Mkibishana nani kavuta mbili, someni kumbukumbu ya mchezo pembeni: kila karata iliyovutwa imeandikwa.