Namna ya Kuchagua Kazi za Wanafunzi za Kubandikwa Kwenye Kuta za Shule

Uamuzi wa kwanza hauhusu kazi za wanafunzi bali unahusu ukuta wenyewe. Ukuta wa darasani husomwa na wanafunzi wale wale kila siku, na kwa hiyo unafaa kubeba kazi zinazowasaidia katika mada wanayoendelea kujifunza. Ukuta wa korido husomwa na wanafunzi wa madarasa mengine wakiwa wanapita, nao unahitaji kazi chache zenye maelezo yanayojitosheleza, kwa kuwa msomaji hakuwepo somo lilipofundishwa. Ukuta wa mapokezi husomwa na wazazi na wageni wanaotaka kujua shule inafundisha nini na kwa namna gani. Mwalimu asipotenganisha hadhira hizi tatu, hujikuta akitumia kigezo kimoja mahali pote, na kigezo hicho karibu kila mara huwa unadhifu.

Unadhifu ni kigezo dhaifu. Mwandiko mzuri, rangi zisizovuka mistari na karatasi isiyo na mkunjo huvutia macho, lakini havionyeshi mwanafunzi alifikiri nini, na watoto wenye mkono mwepesi ni wale wale muhula baada ya muhula. Wenzao hutambua mapema sana kwamba ukuta si wao, na wakishatambua hivyo huacha kuutazama. Badala ya kujiuliza ni kazi ipi inayopendeza zaidi, mwalimu ajiulize: mwanafunzi atakayesimama mbele ya kazi hii kwa dakika moja ataondoka akiwa amejifunza nini? Kazi isiyokuwa na jibu la swali hilo irudi kwenye jalada la mwenyewe, hata kama imechorwa kwa ustadi mkubwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Darasa limepewa zoezi la kuzidisha 25 kwa 16. Mwanafunzi mmoja amezidisha 25 kwa 4, akapata 100, kisha akazidisha tena kwa 4. Mwingine amezidisha 20 kwa 16, akapata 320, na 5 kwa 16, akapata 80, halafu akajumlisha. Wote wamefika 400. Karatasi hizo mbili zikibandikwa sambamba, hata kama moja ina mistari iliyokatwakatwa, zinafundisha zaidi ya karatasi 10 zenye jibu sahihi na njia moja, kwa sababu msomaji analazimika kuuliza kwa nini njia mbili tofauti zimekutana. Katika sayansi, mchoro wa mbegu ya haragwe iliyoanza kuota, uliochorwa kwa kumbukumbu tu, uwekwe kando ya mchoro ambao mwanafunzi huyo huyo aliuchora baada ya kuipasua mbegu na kuitazama kwa lenzi. Katika lugha, aya ya kwanza ya insha ibandikwe pamoja na aya hiyo hiyo baada ya kusahihishwa, na mwanafunzi mwenyewe aonyeshe kwa mshale mahali alipobadilisha na kueleza kwa nini. Mimi huzithamini jozi za namna hii kuliko kitu kingine chochote ukutani, kwa kuwa humwonyesha mtoto anayejiona hawezi kwamba kazi nzuri haikuanza ikiwa nzuri.

Hapa huzuka swali la makosa. Rasimu ibaki na makosa yake, lakini iandikwe waziwazi kwamba ni rasimu, na toleo la mwisho lililo kando yake liwe limesahihishwa kikamilifu, kwa maana watoto hunakili tahajia wanayoiona kila siku. Kosa lenye mafunzo, kama vile mwanafunzi aliyejumlisha sehemu kwa kujumlisha namba za juu na za chini, linaweza kubandikwa likiwa na ufafanuzi wake, ila kwa ridhaa ya mwenyewe na bila jina lake.

Nani achague

Katika kuta za darasani, mchaguzi mkuu awe mwanafunzi. Mpango rahisi ni kila mmoja kuwa na jalada la kazi zake, na ukifika wakati wa kubadilisha ukuta achague moja na kuandika sentensi mbili: moja ya kueleza kazi ilimtaka afanye nini, na nyingine ya kueleza kwa nini ameichagua hiyo na si nyingine. Mwanzoni wengi wataandika kwamba wameichagua kwa sababu ni nzuri. Mwalimu asilikubali jibu hilo, bali amwulize mtoto ni sehemu gani ilimsumbua na aliishindaje. Baada ya mizunguko michache sentensi hizo hupata uzito, na mara nyingi husomwa kwa makini kuliko kazi yenyewe. Pamoja na hayo, mwalimu hapotezi nafasi yake: ndiye anayepanga zipi zikae pamoja, ndiye anayeona kwamba kazi za watoto watatu zinajibu swali moja kwa namna tatu, na ndiye anayezuia kile ambacho hakipaswi kuonekana hadharani.

Kumshirikisha mwanafunzi kuna msingi wa haki pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kifungu cha 16 unalinda faragha yake. Kwa hiyo mtoto anayesema hataki kazi yake ibandikwe asikilizwe bila kushinikizwa na bila kutakiwa kujieleza mbele ya wenzake. Insha inayogusa ugonjwa nyumbani, kifo au ugomvi wa wazazi isibandikwe hata kama mtoto amekubali, kwa kuwa bado hajui nani ataisoma na atasema nini. Kwenye korido na mapokezi jina la kwanza na darasa vinatosha.

Alama zisionekane ukutani kabisa, wala karatasi za mitihani zilizopangwa kwa matokeo. Utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri zaidi kuliko waliopewa alama, na kwamba hata pale maoni yalipoambatana na alama faida hiyo haikuonekana. Ukutani jambo hili huwa zito zaidi, kwa kuwa anayesoma si mwenye karatasi peke yake bali darasa zima, na jicho hukimbilia namba kabla ya kusoma mstari wowote.

Tahadhari nyingine inahusu kuufanya ukuta kuwa zawadi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Waliokuwa wameahidiwa cheti ili wachore, baadaye walipoachiwa kalamu kwa hiari yao, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Ila wale waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo mwalimu asiseme kabla ya kazi kuanza kwamba zile bora tano ndizo zitakazobandikwa. Kuwaambia wanafunzi kwamba kazi zao zitasomwa na darasa jingine ni jambo tofauti, na lina faida, kwa sababu linawapa msomaji wa kumfikiria wanapoandika badala ya mwenzao wa kumshinda.

Daftari la kumbukumbu

Nia njema haitoshi kuhakikisha kwamba kila mtoto anafikiwa. Mwalimu awe na orodha ya darasa yenye safu za tarehe, na kila anapobandika aweke alama mbele ya majina. Katikati ya muhula orodha hiyo itaonyesha kwa uwazi ni nani hajaonekana, na kwa kawaida majina hayo ni ya watoto wakimya, wa wasiohudhuria mara kwa mara na wa wenye shida ya kuandika. Dawa yake si kubandika kazi hafifu kwa huruma. Mtoto huitambua huruma hiyo, na wenzake pia. Dawa ni kupanua aina ya kazi zinazohesabika: swali zuri aliloliuliza mtoto na likaandikwa na mwalimu kwa maneno ya mtoto mwenyewe, jedwali la vipimo alivyochukua kwa uangalifu, grafu, picha ya kifaa alichokitengeneza, au maelezo yaliyoandikwa na mwenzake kwa imla yake. Ikiwa hata baada ya upanuzi huo kuna mtoto asiyekuwa na chochote cha kuonyesha, basi mazoezi anayopewa yanahitaji kuchunguzwa kabla ya yeye kulaumiwa.

Kasoro ya upande wa pili ni kubandika kazi 40 zinazofanana, ambazo wanafunzi wote wamenakili mchoro mmoja kutoka ubaoni. Hapo hakuna kilichochaguliwa, na msomaji huona mkono wa mwalimu tu.

Kiasi na mahali

Ukuta uliojaa hauonyeshi kitu. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba kilichojaa mabango na michoro isiyohusiana na somo, na pia katika chumba kilichoachwa bila mapambo. Katika maswali ya baada ya masomo, watoto walipata wastani wa asilimia 42 ya majibu sahihi kwa masomo ya chumba kilichojaa, na asilimia 55 kwa yale ya chumba kitupu. Hata hivyo kuta tupu kabisa si lengo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuchunguza madarasa 153 ya shule za msingi, ulipendekeza kuacha wazi kati ya asilimia 20 na 50 ya kuta. Ninavyoona, eneo linalozunguka ubao, ambalo wanafunzi hulitazama wakati wote wa somo, ndilo linalostahili kuachwa wazi kwanza. Kuta za pembeni na za nyuma zinatosha kubeba kazi.

Kazi zibandikwe usawa wa macho ya wasomaji wake. Mtoto wa miaka sita ana urefu wa takriban sentimita 115, kwa hiyo katikati ya karatasi iwe kama mita moja kutoka sakafuni, na si juu ya kichwa cha mwalimu. Kalamu za rangi na rangi za maji hupauka zikipigwa na jua, basi michoro ikae mbali na dirisha, au ibandikwe fotokopi yake na mchoro halisi uhifadhiwe. Karatasi zisizibe milango, swichi, vifaa vya kuzimia moto wala njia za kutokea.

Tarehe ya kubandua iandikwe siku ile ile ya kubandika, nyuma ya karatasi au kwenye lebo. Wiki tatu au nne zinatosha kwa ukuta wa darasani, na mada ikiisha mapema kazi zake ziondoke nayo, isipokuwa zile ambazo darasa bado linazirejea. Kila kazi irudishwe mkononi mwa mwenyewe pamoja na lebo yake, iingie kwenye jalada, ili mzunguko unaofuata mwanafunzi aweze kuilinganisha na kazi mpya kabla ya kuandika sentensi zake mbili.