SSD ya laptopu inakufa? Toa mafaili kwanza, ufundi baadaye

Wakuu, desemba nilikuwa Moshi nasafisha picha za ubarikio wa mtoto mmoja wa Marangu, umeme ukakatika, na betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani naitumia na waya tu, basi ikazima pap. Kuwasha tena inachukua dakika kumi kufunguka, ukigusa folda inaganda, faili jingine linakataa kabisa. Nikaipeleka kwa fundi, hata hajaiangalia vizuri anasema "acha nikupigie window upya". Nikabeba laptopu yangu nikaondoka.

Kupiga window ni kuandika juu ya mafaili yako mwenyewe. Na SSD, yani ile diski inayotunza mafaili kwenye laptopu za siku hizi, ni mbaya zaidi kuliko hard diski za zamani, maana kuna kitu kinaitwa TRIM, yani ukifuta au kufomati, Windows inaiambia SSD kwamba sehemu hizo hazina kazi tena, na yenyewe inazisafisha kimya kimya. Baada ya hapo mara nyingi imekula kwako. Kwa hiyo usifomati, usiinstoo programu ya kuokoa data kwenye SSD hiyohiyo, na ikiwaka ikaanza ile chkdsk ya kurekebisha diski, iruke, nayo inaandika.

Kama bado inafunguka, chomeka eksteno (diski ya nje ya USB) uchukue mafaili yasiyopatikana kwingine tu, muvi achana nazo. Ingia pia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu uangalie kama kuna ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, laptopu nyingi za siku hizi zinajifunga zenyewe na mwenyewe hujui, na bila huo ufunguo hata ukinakili diski nzima utapata takataka.

Ikigoma kufunguka ndo unahamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, unaowaka kutoka kwenye flashi. Kwenye kompyuta nyingine shusha SystemRescue (Linux ya kazi za uokoaji), iweke kwenye flashi ya GB 4 kwa kutumia programu ya Rufus, chomeka, washa huku unabonyeza F12 (HP ni Esc halafu F9). Ukiingia andika lsblk, itakuonyesha diski zote kwa ukubwa. SSD ya NVMe kwa kawaida ni nvme0n1, ya SATA ni sda au jirani yake. Eksteno iwe kubwa kuliko SSD na isiwe FAT32 maana hiyo haibebi faili la kuzidi GB 4. Tuseme eksteno yako imetokea kama sdb1:

mount /dev/sdb1 /mnt
ddrescue -d /dev/nvme0n1 /mnt/nakala.img /mnt/nakala.map

Soma mara mbili kabla ya enter! Inayokufa inatangulia, nakala inafuata, ukigeuza umejimaliza mwenyewe. Uzuri wa ddrescue ni kwamba ikikuta pabovu inaruka, inachukua pazima kwanza, halafu ndo inarudi kuhangaika na pabovu. Lile faili la map linakumbuka ilipofika, kwa hiyo tanesco wakifanya yao unarudia amri ileile inaendelea pale pale. Mimi nililala nayo inakimbia, feni imeelekezwa chini ya laptopu kwa sababu ya joto.

Ikiisha usiiguse tena SSD. Ile nakala.img ifungue kwa 7-Zip kwenye kompyuta nzima, ukiona folda zako chomoa tu. Zisipoonekana, ipeleke kwenye PhotoRec, programu ya kuchimbua mafaili yaliyopotea, ila jiandae, inarudisha mafaili bila majina na kupanga ni kazi ya siku nzima.

Na kama SSD haionekani hata kwenye BIOS (ile menyu ya laptopu kabla ya Windows), hapo programu hazina msaada, tatizo mara nyingi ni kontrola, chipu inayoiendesha SSD yenyewe. Ichomoe uijaribu kwenye kikasha cha USB au laptopu nyingine mara moja tu, isipoonekana acha kuiwasha washa, tafuta mtu mwenye vifaa vya kuokoa data, siyo wa kubadilisha skrini.

Picha za ubarikio nilipata karibu zote. Zilizopotea ni za foleni ya chakula, na mama mtoto hajaziulizia mpaka leo.